Vidole Viwili Nyuma ya Kisigino

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwambie asante ukiwa umekaa. Umeketi kwenye kile kiti chake cha plastiki garajini, amekuvisha buti la skii, lile la kuteremkia mlima wa theluji, gumu kama ndoo, umefurahi kwamba mguu umeingia, basi unasema, "Asante sana, mzee." Anaendelea kukaza vifungio kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, halafu anasema bila kukutazama, "Asante ya kukaa siipokei. Simama. Tembea. Kisha utaniambia."

Watu wakisikia kwamba mtaalamu wetu wa mabuti ya skii hapa Sydney ni Mrundi aliyekuwa fundi viatu kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wanacheka. Wacheke. Mimi ni Mtanzania, nimekulia Kigoma mjini, na kwetu tulikuwa tunawaita wale wa kambini "wageni" hata baada ya kukaa nao miaka na miaka. Sasa huku ugenini sote ni wageni, na mgeni yule ndiye aliyenifundisha jambo moja ambalo mama yangu mzazi hakulijua. Nitalieleza, lakini niacheni nianze na pua yake.

Alikuwa ananusa. Katikati ya wiki alifanya kazi kwenye ghala moja Smithfield, na Jumamosi alijitolea kwenye duka la mitumba hukohuko, chumba cha nyuma, kule wanakomwaga mifuko ya vitu vya watu. Kila buti aliingiza pua mpaka mashavuni. Mama mmoja mwenye duka hakuweza kumwangalia. Fundi anasema buti lililohifadhiwa likiwa na maji linatoa harufu ya kitambaa cha jikoni, na hilo ndani limeshaoza hata kama nje linang'aa. Baada ya pua, kidole gumba. Alibonyeza plastiki pale karibu na kisigino, akasikiliza. Siku moja, kabla hajaujua vizuri mchezo huu, mteja alivaa buti zuri la bluu lililokaa stoo miaka mingi, akapiga hatua mbili dukani, likapasuka kama kibuyu kikavu, vipande vikaruka mpaka kwenye rafu ya vikombe. Mteja alicheka. Fundi hakulala vizuri wiki nzima. "Hii ingepasuka mlimani," aliniambia, na tangu siku hiyo hakuna buti lililotoka mkononi mwake bila kubonyezwa.

Alijifunza kwa kufungua. Mwanzoni duka lilikuwa linatupa mabuti hayo, maana hakuna aliyejua yanavaliwaje. Mtu aliyeshona viatu miaka kumi na kitu kwa uzi wa gunia hawezi kuona kiatu kizima kinatupwa. Akaomba, wakampa, akayapeleka kwake, akayafumua mpaka msumari wa mwisho. Akagundua kwamba buti la skii ni viatu viwili: ganda la plastiki nje, na ndani yake kiatu laini unachoweza kukichomoa. Aligundua pia linatakiwa likae vipi mguuni. Hakusoma popote. Wazungu waliokuja kununua walisimama wakashangaa, wengine wakamuuliza amefanya kazi mlima gani.

Mlima wowote alikuwa hajawahi kuuona. Theluji hajawahi kuigusa. Na baridi alikuwa anaiogopa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwezi wa nne tu, baridi ya huku haijaanza kweli, sisi wengine tuko na blauzi, yeye garajini yuko na sweta mbili na kofia ya sufu. Miguuni alivaa katambuga, zile ndala za tairi alizokata mwenyewe, pamoja na soksi, na soksi zenyewe zina matundu. Mtu anayekufukuza kwa sababu kiatu chako kimepwaya nusu inchi, yeye vidole vyake vinachungulia nje.

"Fundi," nilimwambia mara moja, "mbona wewe mwenyewe huvai kiatu cha maana?"

"Mimi siteremki popote," akajibu.

Mkewe ana maneno yake kuhusu garaji lile. Gari halijawahi kuingia humo. Ukifika, mama yule anakukaribisha chai halafu anamwuliza mumewe mbele yako, "Hao wageni wako wenye miguu migumu wataondoka lini?" Fundi anamjibu ameshatoa mabuti saba wiki hii. Ni kweli yametoka garajini. Yako nyuma ya friji ya akiba, yamefunikwa shuka. Fundi ni shemasi wa kanisa letu, anatusomea matangazo kila Jumapili, akimuona mtu amekosa ibada anamfuata mpaka nyumbani kwa upole mpaka mtu anatubu bila kuambiwa, lakini kwa habari ya idadi ya mabuti anamdanganya mke wake waziwazi, na mke anajua, na ndoa inaendelea.

Nyuzi nazo. Alikuwa na kopo la biskuti limejaa nyuzi, kila uzi umefungwa fundo mwanzo na mwisho. Waliokulia vijijini wataelewa: mtu akienda mjini kuwanunulia watoto viatu, anapima kila mguu kwa uzi au kijiti, anaweka mfukoni, dukani anakitumbukiza ndani ya kiatu. Fundi aliendelea hivyohivyo huku. Namba iliyoandikwa kwenye kiatu, "pwantire" kama anavyoiita yeye kwa Kifaransa chao, hakuiamini. Alisema kiwanda kimoja kinasema hivi, kingine kinasema vile, uzi hauna kiwanda. Na hakuwa anasahau uzi wa nani ni upi.

Sasa mimi.

Binti yangu Editha alikuwa na miaka kumi na nne shule yao ilipoandaa safari ya theluji. Siku tano, mwendo wa saa sita kwa basi. Alikuwa ameizungumzia tangu mwaka uliotangulia, kwa Kiingereza, maana watoto wetu unawasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri kabisa kisha wanakujibu kwa lugha ya shule. Wasiokwenda walikuwa wanabaki maktaba siku zote tano. Mwaka wa nyuma alibaki. Aliniambia mara moja tu kwamba walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa amevunjika mkono.

Shule ilituma fomu ya kukodi mabuti. Niliisoma mara mbili. Kukodi kiatu? Kwetu tunakodi viti, tunakodi turubai, bwana harusi anaweza kukodi suti. Kiatu hapana. Nikaitupa fomu, nikatafuta kwenye matangazo ya watu wanaouza vitu vyao, nikaenda mpaka kwenye nyumba moja ya bustani kubwa, nikamkuta mama ana jozi mbili za mabuti, namba tofauti. Aliniuliza mguu wa mtoto. Nikamwambia, kisha nikachukua ile jozi kubwa. Akasita. Nikamweleza kwamba mtoto bado anakua.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sikuliona kuwa kosa, niliona ni akili. Mimi nimekua na viatu vilivyojazwa pamba puani. Kila mwaka mama alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akaikuta tupu, akaridhika. Kwetu mama anayemnunulia mtoto kiatu kinachomtosha leo ni mama asiyefikiria kesho. Nilivyokuwa nabeba ule mfuko kwenye treni, nilijisikia mama hasa.

Kifungio kimoja kilikuwa kimelegea, nikapeleka kwa Fundi.

"Mtoto ako wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, anasoma. Wewe nitengenezee kifungio tu."

Akayasogeza mabuti kwangu kwa katambuga yake. "Lete mguu," akasema.

Hilo nalo lilikuwa neno lake. Ungeweza kumletea buti la mfalme, jibu ni lete mguu. Nikarudi jioni ile ile na Editha, nimeshakasirika nusu. Fundi akamkalisha, akachomoa kile kiatu laini cha ndani, akamwambia atumbukize mguu kwenye ganda tupu na asukume vidole mbele mpaka viguse. Kisha akaingiza vidole vyake nyuma ya kisigino. Viwili vikaingia. Kikaingia cha tatu. Kikaingia cha nne, na mkono mzima ukafuata.

"Hapa ningeweka na chakula cha mchana," akasema.

Editha akacheka. Mimi sikucheka. Nikasema atavaa soksi mbili, na mwakani atakuwa ameongezeka.

"Mwakani ni sawa kabisa, Mama Editha. Lakini mlima ni wa wiki ijayo." Akaendelea taratibu, kama anayemweleza mtu bei ya nyanya. "Buti hii haivaliwi. Inakushika. Mguu ikigeuka, buti igeuke, mbao ya kutelezea chini yake igeuke. Mguu ikicheza ndani, mtoto anageuza mguu, mbao inasonga moja kwa moja. Vidole viwili nyuma ya kisigino, basi. Hivi vingine vyote ni mti ambao atagonga."

Mkewe alikuwa mlangoni na chai. Watu wawili wengine walikuwa wanasubiri. Na mimi, mtu mzima, nikasema, "Wewe theluji yenyewe umewahi kuiona?"



"Sijaona," akasema Fundi. "Kisigino ndiyo nimeona."

Nilimshika Editha mkono tukaondoka, kifungio hakijatengenezwa. Nilikuwa nimemuona Fundi, wakati mimi naongea, amepiga goti anamzungushia mtoto uzi chini ya unyayo, anafunga fundo, anauweka mfukoni. Nikadhani ni ubishi wa wazee.

Nyumbani Editha akaniambia hatakwenda. Alisema anamwamini Fundi. Nikamwuliza, anamwamini mtu wa garaji kuliko mama yake? Akanijibu kwa Kiswahili, na mtoto wa huku akikujibu kwa Kiswahili ujue amekwenda kukitafuta mbali: "Mama, naogopa." Nikapiga simu shuleni kesho yake, oda za kukodi zilikuwa zimefungwa. Basi lilikuwa linaondoka Jumatatu alfajiri. Mtoto wangu angekaa maktaba siku tano kwa ajili ya kichwa changu kigumu, au angeteremka mlima ndani ya ndoo mbili. Hayo ndiyo niliyokuwa nimemnunulia.

Jumapili Fundi hakuja kanisani. Matangazo yalisomwa na mtu mwingine, vibaya. Mkewe alipoulizwa akasema ametoka mapema, hajui kwenda wapi, na alivyokuwa ananitazama niligeuza uso.

Alifika kwetu saa kumi na moja jioni. Alikuwa ametoka Campbelltown. Kutoka kwetu ni mwendo mrefu hata siku njema, na Jumapili ile reli ilikuwa inatengenezwa, treni hazitembei, yamewekwa mabasi yanayosimama kila kituo. Alikwenda hivyo na kurudi hivyo, na katambuga zake, kwa mama mmoja wa kwao Burundi ambaye miaka miwili nyuma Fundi alimpatia mwanawe mabuti. Aliukumbuka ule mguu. Alijua mtoto yule ameshayaacha. Uzi wa Editha ulikuwa mfukoni.

Hakusema habari za safari. Hayo ya mabasi niliyajua baadaye kwa mkewe. Akaomba maji, akatoa mabuti kwenye mfuko, akapiga goti, akachomoa kile cha ndani. Vidole viwili. Akakirudisha, akakaza vifungio, akamwambia Editha asimame akunje magoti mpaka yaguse ukuta.

"Yanabana," akasema Editha.

"Kisigino kinanyanyuka?"

"Hapana."

"Vidole vinalala ganzi?"

"Hapana."

"Basi hayabani. Yamekushika." Kisha akamwambia neno moja ambalo nalipenda mpaka leo, kwa sababu alijua kazi yake inaishia wapi. "Pale mlimani kuna mtu anafunga buti kwenye mbao na anapima nguvu ya kuachia ukianguka. Hiyo si kazi yangu, siijui. Mwambie uzito wako wa kweli. Usione haya."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi muda wote huo. Nikasema, "Asante, mzee." Nilisema hivyohivyo nimekaa, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

"Akirudi," akasema Fundi, akaaga, akaenda.

Alirudi. Editha alirudi amebabuka pua kwa jua, ana michubuko kwenye kiuno, anacheka peke yake. Alianguka, anasema, mara arobaini. Siku ya nne mtoto mwingine alianguka ghafla mbele yake, palikuwa na miti upande mmoja, na yeye akageuza tu mguu, na mbao zikageuka. Alinieleza akiwa anakula wali, kama jambo la kawaida. Nilisimama nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Sasa nilichotakiwa kufanya ni kupanda basi, kufika kwenye lile garaji, na kusema. Sikwenda. Wiki ile nilikuwa na shifti za jioni. Wiki iliyofuata nikaona nimechelewa, itaonekana vibaya. Na kuna baya zaidi, niliseme liishe. Kanisani, baada ya ibada, akina mama walikuwa wanamsifia Editha, mmoja akauliza mabuti nimeyapata wapi, nikasema, "Nilitafuta mwenyewe." Kugeuka, Fundi yuko nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Alikuwa amesikia vizuri. Akawaambia wale mama, "Ni mabuti mazuri," akaenda kupanga viti.

Miaka mitano. Tulisalimiana kila Jumapili, alinipa mkono, aliniuliza habari za Editha. Alimpimia mtoto huyohuyo jozi nyingine mbili kadiri alivyokua. Mtoto alimshukuru kila mara, amesimama. Mimi nilikuwa nabaki nje barabarani.

Mwaka huu damu ilimpanda Fundi kichwani, akapata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alipotoka kwenye hatari wakamleta kwenye wodi ya mazoezi ya hospitali ya Westmead, na wodi ile ndimo ninamofanyia kazi. Niliona jina lake kwenye orodha ya wagonjwa ya asubuhi nikakaa kidogo kwenye chumba cha mashuka. Kisha nikaingia.

Ulimi ulikuwa mzito lakini akili yote ilikuwepo. Yule binti anayefundisha wagonjwa kutembea alikuwa amekataa kumsimamisha: ndala alizoletewa zilikuwa kubwa, zinapwaya, angeanguka. Mkewe alikuwa pembeni amenuna. "Miguu inavimba," akaniambia, "nimemchukulia kubwa ili zimtoshe hata ikivimba zaidi." Nilimwelewa kuliko alivyojua.

Nikapiga goti. Nikachukua utepe wa bandeji, nikaupitisha chini ya unyayo wake, nikafunga fundo, nikafanya na mguu wa pili kwa sababu ulikuwa umevimba zaidi. Yeye ananitazama kutoka juu.

"Vidole viwili," nikamwambia, ili ajue sijasahau.

Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda kuyatoa maneno. "Viwili ni ya buti tupu. Kiatu ya kawaida, kimoja."

Jumamosi Editha alinipeleka Smithfield kwa gari lake, tukaingia chumba cha nyuma cha lile duka. Nilinusa. Editha akaona aibu, akaenda kusimama kwenye vikombe. Nilibonyeza visigino, nikatumbukiza utepe kwenye viatu visivyo na idadi, mpaka nikapata jozi ya kahawia yenye mikanda ya kukaza, inayofunguka kwa mbele yote ili mguu uliovimba uingie.

Jumatatu nikamvisha. Kidole kimoja. Nikakaza mikanda kutoka chini kwenda juu. Akafungua mdomo.

"Usiseme," nikamwambia. "Simama kwanza."

Binti wa mazoezi upande mmoja, mimi upande mwingine, kile chuma cha kushikilia mbele. Alisimama kwa shida, akatetemeka, akatulia. Akapiga hatua. Mguu wa kulia ulikokota, lakini kiatu kiliufuata. Hatua nne, mpaka dirishani. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Asante," akasema Fundi.

Mimi nilikuwa nimesimama, nimemshika kiwiko. Nikasema, "Mzee, na mimi nina asante yako. Ya mabuti ya Editha. Nilisema nimeyatafuta mwenyewe. Wewe ndiye uliyeyatafuta, na mimi nilijua."

Alitazama nje, kwenye maegesho ya magari. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Mtoto alirudi?" akauliza.

"Alirudi, mzee."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Basi," akasema, "nimepokea." Na akageuza chuma chake, akitaka kurudi kitandani kwa hatua nne nyingine.